Boza Halikuja

Mshale wa kipimo cha maji ulikuwa umelala kwenye sifuri, msomaji, na hapo ndipo tulipoachana. Dada Pampu ameshika valvu, mpira wa maji umenywea chini kama utumbo, na watu wake wawili wako ndani ya moto, ghorofa ya pili ya karakana ya magodoro.

Kwa wewe uliyetukuta njiani: Dada Pampu ndiye dereva wa gari pekee la zimamoto linalotembea katika mji wao, na ndiye mwendesha pampu. Zamani hizo zilikuwa kazi za watu wawili. Dereva alipostaafu hakuletwa mwingine, usukani ukamwangukia yeye.

Waliokuwa ndani ni Sajini, mkuu wa zamu, na Shemeji. Huyo Shemeji ni mume wa mdogo wake Dada Pampu. Dada Pampu alimwita shemeji, basi kikosi kizima nacho kikamwita Shemeji, mpaka wengine wakasahau jina alilopewa na mama yake. Walikuwa wameingia kumtafuta fundi mmoja mwanamke aliyeonekana dirishani akipunga kitambaa, kisha asionekane tena.

"Boza la kutuletea maji liko wapi?" Dada Pampu aliuliza kwenye redio.

"Dereva wake anasema yuko njiani," sauti ya Mama Redio ilijibu kutoka kituoni.

"Tangu nilipomwita mara ya kwanza yuko njiani. Njia gani hiyo?"

"Ndivyo anavyosema, dada. Nikuambie nini?"

Aliitupa redio kitini. Alipiga honi ndefu, akapiga tena, akapiga tena. Ndiyo ishara yao: maji yamekwisha, tokeni. Sajini alikuwa na redio ya mkononi. Ya Shemeji ilikufa betri tangu mwezi uliopita, na aliendelea kuivaa kiunoni kwa sababu, alisema, bila hiyo suruali inashuka.

Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ule wa sponji, unaotoka kama unasukumwa na mtu.

Sajini alitoka akikimbia. Fundi alikuwa begani mwake, mikono inaning'inia. Umati ulipiga kelele za shangwe. Mzee wa Ngazi, mtu wa nne na wa mwisho wa zamu hiyo, alimpokea yule mwanamke na kumlaza chini. Alikohoa. Alikuwa hai.

"Shemeji?" Dada Pampu aliuliza.

Sajini aligeuka nyuma. Hakukuwa na mtu nyuma yake.

"Alikuwa ameshika mkanda wangu," alisema. "Hapa. Alikuwa ameshika hapa."

Akataka kurudi. Mtungi wake wa hewa ulikuwa unapiga filimbi ya kuisha. Mzee wa Ngazi alimkumbatia kwa nguvu zote.

"Niache!"

"Utapumua nini humo ndani?"

"Nipe mtungi mwingine!"

"Upo wapi mwingine? Ilikuwa miwili! Mmoja wako, mmoja wake!"

Ndipo dari ya mbele iliposhuka. Ilishuka polepole, kwa sauti ya kukohoa, na cheche zikawarukia watu waliokuwa barabarani. Mwanamke mmoja kwenye umati akaanza kulia kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Dada Pampu alisimama. Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye valvu.

Mara sauti ikatoka kichochoroni, upande wa choo cha karakana.

"Jamani, nani kazima mvua?"

Alikuwa Shemeji! Alikuwa amevunja dirisha dogo la nyuma, akashuka kwa bomba la maji machafu. Amejaa masizi, barakoa inaning'inia shingoni, buti moja na mtungi vimebaki juu. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwenye gari, huku watu wakimpigia makofi, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa dereva. Akamtazama Dada Pampu. Akacheka, meno meupe kwenye uso mweusi.

"Shemeji," alisema, "leo umeninyima maji."

"Na wewe umetutisha, shetani wee," alisema Dada Pampu. Aliinama kuchukua chupa ya maji ya kunywa chini ya kiti.

Alipoinuka nayo, kichwa cha Shemeji kilikuwa kimeegemea mlango. Macho yalikuwa wazi. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila mwenyewe hakuwapo.

Walimfanyia kila walichofundishwa. Sajini alimkandamiza kifua mpaka jasho likamdondoka puani. Gari la wagonjwa lilipofika, mhudumu alimgusa shingoni, akatazama saa yake.

Moshi wa sponji una sumu, msomaji. Mtu anaweza kutoka nao ndani ya kifua, akatembea, akatania, halafu basi.

Boza lilifika wakati wanakunja mipira. Dereva wake alishuka mbio, akaona sura zao, akasimama. Sajini alimpita bila salamu, akaenda nyuma ya boza, akagonga tangi kwa ngumi.

Lililia kama ngoma. Lilikuwa tupu.

"Ulikuwa wapi?" Sajini aliuliza.

Dereva wa boza aligeuka. Akapanda tena garini, akawasha, akaondoka.

* * *

Nani alirudisha gari la zimamoto kituoni? Dada Pampu. Hakukuwa na dereva mwingine.

Aliendesha vizuri. Alisimama kwenye taa nyekundu. Alimpisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Alipofika aliingiza gari kinyumenyume, akazima injini, akaanza kuosha mipira, kwa sababu mpira usipooshwa unaoza. Alijua kwamba kuna kitu kikubwa kimetokea. Alikijua kama mtu anavyojua habari aliyoisikia kwa jirani kupitia ukuta.

"Acha, dada," Mama Redio alimwambia. "Njoo uketi."

"Bado miwili."

"Umeshaiosha yote. Hiyo unairudia."

Akaja, akaketi.

Chumba cha kupumzikia kilikuwa na meza ndefu, makochi mawili yaliyotoka matumbo, na ubao ulioandikwa zamani "USALAMA KWANZA", herufi ya mwisho ikiwa imebanduka. Zamu ya pili walikuwa wameitwa, wakaja na nguo za nyumbani. Hata hivyo chumba hakikujaa.

"Hesabuni," alisema Sajini. Hakuwa ameosha uso. "Hesabuni tulio humu. Hii ni zamu mbili, mimi na Mama Redio tukiwemo. Nilipoajiriwa, zamu moja peke yake haikuenea kwenye makochi haya."

"Wakistaafu hawaletwi wengine," alisema Mzee wa Ngazi. "Mimi mwenyewe nilipaswa kupumzika. Nimeombwa nisubiri kidogo. Kidogo yenyewe ndiyo hii, napanda ngazi na magoti yanalia kuliko king'ora."

Hakuna aliyecheka.

"Gari la pili liko juu ya mawe," alisema mwingine. "Tairi zake ndizo zinazotembeza la kwanza."

"Bomba letu la barabarani la kujazia maji, pale karakana, mmeona? Nililitafuta kwa koleo. Wamepiga sakafu juu yake wakajenga kibanda cha kuuza simu."

"Niliripoti."

"Mimi pia niliripoti."

"Redio ya marehemu ilikuwa pambo."

Neno hilo, marehemu, lilipita mezani, kila mtu akatazama pengine. Ilikuwa mara ya kwanza kutamkwa.

"Mitungi miwili," Sajini aliendelea, taratibu sasa. "Angekuwapo mtu wa tatu mwenye mtungi, angekuwa nyuma yake. Kazi ya mtu wa tatu ndiyo hiyo, kuwa nyuma. Mimi nilikuwa na mzigo begani. Nilidhani ameshika mkanda."

"Sajini, usijitie hatiani."

"Sijitii. Nasema mtu wa tatu hayupo. Aliyeandikwa yupo, kwenye karatasi za baraza la mji tuko wengi tu. Motoni hayupo."

Akapiga meza.

"Lakini vyote hivyo tumevizoea! Tumeuzima moto wa soko na vyote hivyo! Leo tulikuwa na maji ya tangi moja na boza la kutuongezea, na boza halikuja. Nataka kujua lilikuwa wapi. Nani alilituma? Nani alikuwa anajengewa nyumba? Nani alikuwa anamwagiliwa bustani?"

"Kamanda wa kituo amelikodisha," mtu alisema.

"Kwa mheshimiwa fulani."

"Nani asiyejua?"

"Basi sikilizeni," alisema Sajini. "Kesho asubuhi mheshimiwa wa baraza la mji anakuja kutupa pole, na waandishi wa habari watakuwepo. Hatutapokea pole. Tutamuuliza neno moja: boza lilikuwa wapi? Na asipojibu, gari halitoki hapa mpaka tupate watu na vifaa. Nani yuko nami?"

Mikono ikapanda. Yote.

Wa Dada Pampu pia ulipanda. Aliutazama ukipanda kama mkono wa mtu mwingine.

* * *

"Kamanda anakuita," Mama Redio alimnong'oneza.

Kamanda alikuwa mtu mnene, mpole, aliyezoea kufuta meza iliyo safi. Alikuwa anaifuta.

"Kaa, binti yangu. Pole. Pole sana. Mdogo wako amekwishapata habari?"

"Mke wa Mzee wa Ngazi yuko naye."

"Vizuri. Vizuri." Alifuta. "Wale watoto wake wawili wanasoma hapa karibu, sivyo? Na nyumba yenyewe ni ya kota. Unajua utaratibu. Mfanyakazi akiondoka, nyumba inarudishwa."

"Najua."

"Naweza kuzungumza na wakubwa. Wakae mpaka watoto wamalize shule. Naweza. Lakini wakubwa nao watataka kitu."

"Kitu gani?"

Kitambaa kikasimama.

"Kwamba maji yaliisha kwa sababu mwendesha pampu aliyafungulia kwa nguvu mno. Alikosea. Binadamu hukosea. Hatakufukuza mtu, utaletwa ofisini, utakaa kivulini. Na suala la boza halitakuwepo tena."

"Boza lilikuwa wapi, Kamanda?"

"Sijui."

"Wanasema umelikodisha."

"Naapa sijui!" Na hapo, msomaji, Kamanda alifanya jambo ambalo Dada Pampu hakulitegemea. Macho yalimjaa machozi. "Sijui, na ndicho kinachoniogopesha. Nitasemaje mbele ya watu kwamba gari langu lilikuwa barabarani na mimi silijui lilipo? Nitakuwa mwizi au mjinga. Chagua."

Dada Pampu alisimama.

"Pampu haikukosea," alisema. "Na mimi sikukosea. Sitasema hivyo."

"Fikiria watoto."

"Nitamwambia mdogo wangu ukweli kabla usiku huu haujaingia. Maji yaliisha, boza halikuja. Basi."

* * *

Nyumba za kota ziko nyuma ya kituo, safu mbili za vyumba viwili viwili, zinatazamana. Dada Pampu alipita kwake kwanza. Hakutaka kuingia kwa mfiwa akiwa na masizi ya mumewe usoni.

Alivua sare, akaingia bafuni, akachota kopo, akajimwagia. Maji yalikuwa ya baridi. Masizi yalitiririka mpaka kwenye tundu. Akachota la pili, akajipaka sabuni, akasugua shingo, masikio, kucha. Akachota la tatu.

Kopo likasimama hewani.

Maji ya bomba pale kota yalikuwa yamekatika tangu mwanzo wa wiki. Walikuwa wanaazimana ndoo za maji. Asubuhi ile alinawa uso kwa maji ya kikombe.

Alilitazama pipa. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni.

Akajifunga kanga, akatoka uani huku sabuni ikimkauka mgongoni. Pipa la jirani, limejaa. Ndoo za Sajini zimepangwa ukutani, zimejaa, mkewe amezifunika kwa vifuniko vya sufuria. Beseni la Mzee wa Ngazi. Madumu ya Mama Redio. Kwenye kamba, safu nzima ya mashuka meupe yalikuwa yanakauka kwa upepo wa jioni, na ardhi mbele ya kila mlango ilikuwa bado na alama pana za tairi.

Tairi za boza.

Alirudi ndani. Akamalizia sabuni ile kwa kitambaa kikavu. Maji hayo hakuyagusa tena.

* * *

Mdogo wake alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooshwa, katikati ya wanawake wa kota. Hakuwa analia. Alipomwona dada yake alisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

"Watoto?"

"Kwa jirani. Bado sijawaambia. Nitawaambiaje?"

"Tutawaambia pamoja."

Wakakaa. Wanawake walianza kutoka mmoja mmoja, wakawaachia chumba.

"Dada, wanasema maji yaliisha."

"Ndiyo."

"Gari la zimamoto linaishiwaje maji?" Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza njia. "Na leo yalikuwepo. Asubuhi mume wangu alimpigia simu dereva wa boza, aliponiona nimebeba ndoo huku tumbo linanisumbua. Akamwambia, ndugu yangu, zunguka hapa kota kabla hamjaitwa popote, wake zetu wanateseka. Dereva akaja, akatujazia sote. Sote, dada! Wanawake walipiga vigelegele. Aliniambia, leo fua mashuka yote, lala kama bibi arusi." Akapapasa pindo la kanga. "Nikafua."

Dada Pampu alitazama nje, kwenye kamba.

"Mume wangu alisema nini mwisho?"

Kuna maswali, msomaji, ambayo mtu huyajibu kabla ya kuyafikiria.

"Alinitania. Alisema, shemeji, leo umeninyima maji."

Mdogo wake akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, kifupi, kwa sababu ndiye yeye kabisa, ndiyo sauti yake, alikuwa akisema hivyo hata chumvi ikipungua. Kisha kicheko kikakatika. Akageuza uso wote.

"Ulimnyima?"

Dada Pampu alimtazama. Akitaka kujitetea, njia ilikuwa moja, nayo ilipita juu ya mashuka yale. Boza halikuja. Kwa nini halikuja? Kwa sababu lilikuwa tupu. Kwa nini lilikuwa tupu?

"Dada. Nimekuuliza. Ulimnyima?"

"Lala kidogo," alisema. "Kesho nitasema."

Mdogo wake aliuondoa mkono wake kwenye goti la dada yake. Aliuondoa taratibu, kidole kimoja kimoja.

Nje, nyuma ya ukuta wa kota, dereva wa boza alikuwa amejificha karibu na gari lake. Dada Pampu alipopita alimshika mkono.

"Alinibembeleza yeye mwenyewe," alisema. "Nilijua ningewahi kwenda kujaza. Mlipoita nilikuwa kwenye foleni ya kisima. Nilisema niko njiani kwa sababu nilikuwa njiani kweli. Foleni haikusogea, nikaja hivyo hivyo, mtupu. Nijinyonge?"

"Usiseme upuuzi."

"Niseme ukweli?"

"Usimwambie mke wake," alisema Dada Pampu. "Sema neno lolote kwa yeyote. Yeye usimwambie."

* * *

Asubuhi uwanja wa kituo ulipangwa viti. Mheshimiwa wa baraza la mji alikuja na suti nyeusi na wasaidizi wenye miavuli. Waandishi wa habari walisimamisha kamera zao mbele ya gari la zimamoto, lililong'arishwa.

Kikosi kilijipanga mstari. Dada Pampu alimtafuta Sajini kwa macho. Jana alikuwa simba. Leo alikuwa ameosha uso, na uso ule ulikuwa wa kijivu. Alikuwa anatazama buti zake.

Mzee wa Ngazi naye alitazama buti zake. Mama Redio naye.

Ndipo alipoelewa. Wote walikuwa wamerudi nyumbani jana. Wote walikuwa wameoga kwa maji yale.

Mheshimiwa alitoa pole ndefu. Akamsifu marehemu kwa ushujaa, akamtaja kwa jina lake kamili, jina ambalo nusu ya kikosi hawakulitambua. Kisha akafungua mikono.

"Nimeambiwa mna maswali. Mimi ni mtumishi wenu. Ulizeni."

Kamanda, ambaye hakuwa amelala kwa hofu ya swali lile, alimtazama Sajini. Sajini hakuinua kichwa. Mikono yote iliyopanda jana ilikuwa imekaa mapajani. Upepo ulipita, mashuka yakasikika yakipigapiga nyuma ya ukuta, hakuna aliyeyaanua.

"Hakuna?" Mheshimiwa alishangaa. Alikuwa amekuja amejiandaa kwa vita.

"Nina swali."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake Dada Pampu. Alikuwa amesimama kwenye safu ya wafiwa, kanga imemfunika mabega. "Nataka kujua mume wangu alikosaje maji."

Mheshimiwa akamgeukia Kamanda. Kamanda akafuta paji la uso kwa kitambaa kilekile cha meza.

Dada Pampu alitoka mstarini.

Alitembea hatua chache mpaka mbele. Hakusikia hofu. Hakusikia chochote, tangu jana alikuwa hivyo, kama mguu uliokaliwa. Alisema kwa sauti ile anayosomea vipimo vya pampu.

"Ni mimi. Niliyafungulia maji kwa nguvu mno, nikachelewa kupiga honi. Yalipaswa kutosha. Kosa ni langu."

Kamera zikamgeukia zote kwa pamoja.

Sajini aliinua kichwa. "Dada..." alianza. Hakurudi kutazama buti. Alibaki anamtazama, mdomo wazi, na machozi yakimshuka kwenye mashavu bila yeye kuyafuta.

"Nakushukuru kwa uaminifu," alisema Mheshimiwa, na hakuweza kuficha jinsi kifua kilivyomshuka. Aliwageukia waandishi. "Ndugu zangu, mmesikia wenyewe. Tatizo si watu wachache. Tatizo si vifaa. Tatizo ni uzembe wa mtu mmoja, na tutalishughulikia."

Hivyo ndivyo, kwa maneno machache, gari la pili lilivyobaki juu ya mawe. Hivyo ndivyo mitungi ilivyobaki miwili, na mmoja wapo umeungua. Dada Pampu alilijua hilo wakati anazungumza. Alikuwa ameliweka upande mmoja, akaweka uso wa mdogo wake upande mwingine, akachagua.

Mdogo wake alianza kutembea.

Aliupita mstari wa wafiwa, akaupita mstari wa waandishi. Watu walimpisha. Kila mtu alijua anakwenda kufanya nini, na Kamanda alinyoosha mkono kidogo, kama anayetaka kumzuia, kisha akaushusha. Dada Pampu alisimama wima, mikono nyuma, akausubiri mkono wa mdogo wake shavuni. Aliungoja karibu kwa hamu. Labda ungemwasha. Labda angesikia kitu.

Mdogo wake alimpita.

Alimpita bega kwa bega, bila kumtazama, akaenda mpaka mwisho wa uwanja, kule kwenye kivuli cha ukuta, ambako mtu mmoja alikuwa amesimama nyuma ya wenzake wote na kofia machoni. Akasimama mbele yake. Alipozungumza sauti yake haikuwa kubwa, ila uwanja mzima uliisikia.

"Dereva," alisema, "jana asubuhi, ulipotoka mlangoni kwangu, tangini mlibaki maji kiasi gani?"

Mikono ya Dada Pampu ikatoka mgongoni; hofu aliisikia sasa.

Dereva wa boza alivua kofia.